Ngoma za Kompyuta na Hesabu ya Desibeli

Utangulizi

Mwaka uliopita mwandishi wa makala haya alialikwa na walimu wa shule moja ya sekondari ili asikilize wimbo uliotayarishwa na wanafunzi kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne. Shule hiyo haina seti ya ngoma za bendi, wala haikuwa na fedha za kumkodi mpigaji. Kwa hiyo vijana walitumia programu ya kompyuta yenye ngoma za kuigiza, wakazipanga ngoma hizo moja moja, kisha wakaongeza sauti ya msichana aliyeongoza wimbo. Kila sauti ilipokuwa ikisikilizwa peke yake ilikuwa safi kabisa. Lakini zilipochanganywa zote na kupelekwa katika spika kubwa za ukumbini, kila pigo zito lilitoka na mkwaruzo, na maneno ya mwimbaji yakamezwa na mkwaruzo huo.

Wanafunzi walipunguza sauti ya spika, lakini mkwaruzo ukabaki. Walipotaka kurudia kazi, waligundua kwamba walikuwa wamekwisha kufuta sauti zilizotengana ili kupata nafasi katika kompyuta, wakabakiwa na faili la mwisho tu. Mwimbaji naye alikuwa amemaliza shule na kurudi kwao mbali. Hivyo wimbo ule haukuweza kuokolewa.

Je, kosa lilikuwa wapi? Halikuwa katika spika, wala katika kompyuta. Lilikuwa katika hesabu ya kujumlisha, nayo ni hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aliyejifunza logarithimu anaweza kuifanya. Katika makala haya tutaieleza hesabu hiyo hatua kwa hatua.

Ngoma za kuigiza ni nini?

Ngoma ya kuigiza haina ngozi wala mwili wa mti. Wataalamu huchukua ngoma halisi, wakaipiga mara nyingi kwa nguvu mbalimbali, na kila pigo wakalinasa kwa maikrofoni na kulihifadhi kama mfululizo wa namba. Kila pigo lililohifadhiwa huitwa sampuli. Mtumiaji anapobonyeza kitufe, kompyuta huitafuta sampuli inayofaa na kuipiga. Mashine ya kwanza ya ngoma iliyotumia sampuli za ngoma halisi zilizohifadhiwa kwa namba ilitolewa mwaka 1980 nchini Marekani. Ilibuniwa na Roger Linn, nayo iliitwa LM-1.

Mwaka 1983 watengenezaji wa ala za elektroniki walitoa lugha moja ya kuwezesha ala zao kuelewana, iitwayo MIDI. Katika lugha hii kila pigo la ngoma huelezwa kwa namba mbili za maana. Namba ya kwanza hutaja ngoma ipi ipigwe. Katika mpango wa pamoja uliotolewa mwaka 1991, namba 36 ni ngoma kubwa ya besi inayopigwa kwa mguu, namba 38 ni snea, yaani ile ngoma fupi yenye nyuzi za chuma chini yake, na namba 42 ni matoazi mawili ya mguu yakiwa yamefungwa. Namba ya pili hueleza nguvu ya pigo, kuanzia 1 hadi 127.

Ili kila ngoma iweze kurekebishwa bila ya kuzigusa nyingine, kila moja hupewa njia yake ndani ya kompyuta. Njia hiyo tutaiita mkondo. Mafundi wa studio huiita traki. Mikondo yote hatimaye humiminika katika mkondo mmoja mkuu, kama vijito vinavyoingia katika mto, na mkondo mkuu ndio unaokwenda kwenye spika. Mto una kingo, na maji yakizidi kingo hizo hutokea mafuriko. Sasa tuone kingo za sauti ziko wapi.

Kingo za namba

Sauti ni mabadiliko ya kanieneo ya hewa. Maikrofoni huyageuza mabadiliko hayo kuwa umeme, na kompyuta huupima umeme huo mara nyingi sana kila sekunde. Katika santuri ndogo za kompakti, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, kipimo huchukuliwa mara 44,100 kwa sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za mfumo wa namba wenye tarakimu mbili tu, yaani 0 na 1. Tarakimu hizo huitwa biti. Kwa biti 16 tunaweza kuandika namba 65,536 zilizo tofauti: kuanzia -32,768, kupitia sifuri, hadi 32,767.

Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote ni 32,767. Ikiwa wimbi linahitaji namba 40,000 ili liandikwe sawasawa, namba hiyo haipo. Mtambo huandika 32,767 na kuendelea. Kipimo kinachofuata kikihitaji 45,000, huandikwa 32,767 tena. Matokeo yake ni kwamba kilele cha wimbi hukatwa na kuwa bapa, kama mlima uliosawazishwa juu kwa tingatinga. Wimbi lenye kilele bapa si lile la asili tena: ndani yake mmezaliwa mitetemo mipya ambayo mpigaji hakuipiga. Mitetemo hiyo ndiyo sikio linaloisikia kama mkwaruzo.

Desibeli

Masikio yetu hupokea sauti za ukubwa unaotofautiana mno, kuanzia mnong'ono hadi radi. Kwa sababu hiyo wahandisi wa simu nchini Marekani, katika miaka ya 1920, walianza kutumia kizio kinachotegemea logarithimu, nacho kikaitwa desibeli kwa kumkumbuka Alexander Graham Bell. Tukilinganisha kimo cha wimbi A na kimo cha wimbi B, tofauti yao katika desibeli ni:

20 × logi (A ÷ B)

Logarithimu hapa ni ya msingi wa 10. Ikumbukwe kwamba desibeli ni kizio cha kulinganisha. Kusema tu kwamba sauti ina desibeli kadhaa, bila ya kutaja imelinganishwa na nini, ni kama kusema nyumba iko juu mita 20 bila ya kusema juu ya nini. Sauti ya hewani hulinganishwa na kanieneo dogo la mikropaskali 20, ambalo ni karibu na mwisho wa uwezo wa sikio. Kwa hiyo namba zake kwa kawaida ni chanya. Ndani ya kompyuta, sauti hulinganishwa na kimo kikubwa kuliko vyote kinachowezekana. Kimo hicho hupewa desibeli 0, na kila kilicho chini yake huwa hasi:

Kimo kamili: desibeli 0
Nusu ya kimo kamili: desibeli -6
Robo: desibeli -12
Sehemu moja ya kumi: desibeli -20
Sehemu moja ya mia: desibeli -40
Sehemu moja ya elfu: desibeli -60

Kutokana na orodha hii tunapata kanuni moja ya manufaa: kila tukikipunguza kimo kwa nusu, tunapunguza desibeli 6. Na kwa kuwa kila biti huongeza maradufu idadi ya namba tulizo nazo, kila biti ina thamani ya kadiri ya desibeli 6. Ndiyo maana biti 16 hutupatia nafasi ya kadiri ya desibeli 96, na biti 24 hutupatia kadiri ya 144.

Mfano wa hesabu

Tuchukue pigo la kwanza la wimbo, ambapo ngoma nyingi hulia kwa pamoja. Watengenezaji wa sampuli wengi huzihifadhi zikiwa na vimo vikubwa. Tuseme vilele vya mikondo yetu ni hivi:

Ngoma ya besi: 24,000
Snea: 20,000
Maikrofoni za juu, zinazosikia seti nzima: 12,000
Matoazi ya mguu: 8,000

Hakuna hata mkondo mmoja uliofikia 32,767. Mwanafunzi akiutazama mmoja mmoja ataona yote ni salama. Lakini vilele vyote vikikutana katika nukta moja ya wakati, mkondo mkuu utatakiwa kubeba:

24,000 + 20,000 + 12,000 + 8,000 = 64,000

Namba hii inazidi ukingo kwa uwiano wa 64,000 ÷ 32,767, yaani 1.95. Logarithimu ya 1.95 ni 0.29, tukizidisha kwa 20 tunapata desibeli 5.8. Mto umefurika kwa karibu desibeli 6. Hili ndilo lililowapata vijana wetu.

Tiba yake ni kupunguza kila mkondo kabla ya kuchanganya. Tukipunguza mikondo yote kwa desibeli 12, kila namba itazidishwa kwa 0.25, na jumla itakuwa 16,000. Hiyo ni kadiri ya nusu ya kimo kamili, yaani karibu na desibeli -6. Tumepata nafasi ya akiba ya desibeli 6, ambayo itatufaa wakati wa kuongeza gitaa na sauti ya mwimbaji. Na kwa kuwa mikondo yote imezidishwa kwa namba ile ile, uwiano kati ya ngoma na ngoma haukubadilika hata kidogo.

Huenda msomaji akauliza: je, kupunguza huko hakutapoteza ubora? Tukifanya kazi kwa biti 24, kupunguza desibeli 12 ni sawa na kuacha biti 2. Tunabaki na 22, ambazo ni nyingi kuliko zile 16 za santuri. Hasara ni ndogo mno kwa sikio kuigundua. Kwa upande mwingine, kilele kilichokatwa ni hasara inayosikika na mkulima aliye mbali shambani.

Je, vilele hukutana daima?

La. Mawimbi ya ngoma mbalimbali hupanda na kushuka kwa nyakati zisizolingana. Mahali pengine moja linapanda huku jingine likishuka, na hapo hupunguzana. Kwa wastani, sauti zisizohusiana hujumlisha nguvu zao, si vimo vyao. Mikondo 8 iliyo sawa huongeza desibeli 9 kwa wastani. Lakini vilele vyake vyote vikikutana, huongeza desibeli 18. Fundi mwangalifu huusikiliza wastani, lakini hujikinga na vilele.

Hapa pana mtego wa vipimo. Mita ya zamani ya mshale, iitwayo VU, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1939, huchukua kadiri ya milisekunde 300 kufikia usomaji wake kamili. Kilele cha pigo la ngoma hudumu kwa milisekunde chache tu. Kabla mshale haujainuka vizuri, kilele kimekwisha kupita. Kwa ngoma, hapana budi kutumia kipimo cha vilele.

Kujumlisha kunakopunguza

Programu nyingi za ngoma huigiza pia nafasi ya maikrofoni. Snea, kwa mfano, husikika katika mkondo wake wenyewe na pia katika mkondo wa maikrofoni za juu. Sauti hiyo hiyo moja imefika kwa njia mbili zenye urefu tofauti. Mwendo wa sauti hewani ni kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Kama maikrofoni ya juu iko mbali zaidi kwa mita 1, sauti huchelewa kwa karibu milisekunde 3. Sasa lifikirie wimbi lenye urefu wa mita 2, yaani lenye mitetemo 170 kwa sekunde. Mita 1 ni nusu ya urefu wake. Njia moja inapoleta kilele, nyingine inaleta bonde, nayo hupunguzana.

Hivyo mtu anaweza kuongeza mkondo wa pili na kushangaa kusikia snea ikikonda badala ya kunenepa. Asikimbilie kuongeza sauti. Kwanza ajaribu kitufe cha kugeuza alama ya wimbi, chanya iwe hasi na hasi iwe chanya, kisha achague hali ambayo snea inasikika imejaa zaidi.

Nguvu ya pigo si sawa na ukubwa wa sauti

Wanafunzi wengi huona ngoma imezidi, wakaipunguza kwa kushusha namba ya nguvu ya pigo, labda kutoka 120 hadi 60. Sauti hupungua kweli, lakini jambo la pili hutokea. Kompyuta huchukua sampuli nyingine, ile ya pigo dogo. Mpiga ngoma yeyote anajua kwamba ngoma iliyopigwa kwa upole hailii sawa na ngoma iliyopigwa kwa nguvu kutoka mbali. Pigo la nguvu huamsha mitetemo mingi ya juu. Pigo la upole huacha mingi ya hiyo imelala. Kwa hiyo namba ya nguvu itumike kueleza hisia ya mpigaji, na kidhibiti cha mkondo kitumike kupanga ukubwa wa sauti.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji kompyuta. Chukua karatasi ya grafu na uandike sini za pembe 0, 30, 60, 90, 120, 150 na 180, ambazo ni 0, 0.5, 0.87, 1, 0.87, 0.5 na 0.

1. Chora wimbi A lenye kimo cha sentimita 6 na wimbi B lenye kimo cha sentimita 4. Jumlisha. Utapata 0, 5, 8.7, 10, 8.7, 5 na 0.

2. Piga mstari wa mlalo katika sentimita 8. Huo ndio ukingo. Kila kinachozidi kikate na ukiandike 8. Utapata 0, 5, 8, 8, 8, 5 na 0. Tazama kilele kilivyokuwa bapa.

3. Zidisha matokeo ya hatua ya 2 kwa 0.7. Utapata 0, 3.5, 5.6, 5.6, 5.6, 3.5 na 0. Wimbi limekuwa dogo, lakini kilele bado ni bapa.

4. Rudi mwanzo. Zidisha A na B kwa 0.7 kabla ya kuzijumlisha. Utapata 0, 3.5, 6.1, 7, 6.1, 3.5 na 0. Kilele kimesalimika.

Linganisha hatua ya 3 na ya 4. Namba zilizotumika ni zile zile. Kilichobadilika ni mpangilio. Kupunguza kabla ya kukatwa kunaokoa, kupunguza baada ya kukatwa hakuokoi. Ndiyo sababu vijana wale walipopunguza spika hawakupata nafuu.

Inafaa kuongeza neno moja hapa. Programu nyingi za siku hizi hufanya hesabu zake za ndani kwa namba zenye nukta inayohama, ambazo zinaweza kuzidi ukingo bila ya kukatwa. Katika programu hizo kidhibiti cha mkondo mkuu kinaweza kuokoa mchanganyiko, maadamu sauti haijatoka nje. Lakini sauti inapopelekwa kwenye spika, au inapohifadhiwa katika faili la biti 16 au 24, ukingo huwa pale pale. Mazoea mema ni kutoutegemea msamaha huo.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, shusha vidhibiti vyote vya mikondo. Kidhibiti cha mkondo mkuu kiache penye 0.

Pili, tafuta sehemu ya wimbo yenye kishindo kuliko zote, na uirudie rudie. Ukisawazisha katika sehemu ya upole, sehemu ya kishindo itafurika.

Tatu, inua ngoma ya besi hadi vilele vyake vifikie kadiri ya desibeli -12. Kisha inua snea mpaka zilingane kwa sikio.

Nne, ongeza maikrofoni za juu, halafu matoazi. Usishangae matoazi yakitosheleza hali kipimo chake ni kidogo, kwani sikio lina wepesi zaidi wa kusikia kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde.

Tano, tazama mkondo mkuu. Vilele vikizidi desibeli -6, punguza mikondo yote kwa kiasi kimoja.

Sita, hifadhi mikondo iliyotengana hata baada ya kazi kwisha. Faili la mwisho ni ugali uliokwisha kupikwa. Haliwezi kurudishwa kuwa unga na maji.

Kulinda masikio

Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupoteza zaidi uwezo wa kusikia besi. Kwa hiyo ukiongeza sauti ya spika, ngoma huonekana kuwa nzuri zaidi ingawa mchanganyiko haukubadilika. Mtu asiyejua jambo hili huongeza spika kila saa. Taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini inapendekeza kwamba mtu asikae zaidi ya saa 8 kwa siku katika kelele ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda upunguzwe kwa nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, na saa 1 kwa 94. Kilele kilichokatwa katika kompyuta kinaweza kurekodiwa upya. Chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio la binadamu haziwezi kuota tena. Sikiliza kwa kiasi, na pumzika mara kwa mara.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuchanganya ngoma si kazi ya vidole na masikio peke yake. Kila mkondo ni namba, na namba zikijumlishwa zina kingo. Aliyejifunza logarithimu, mawimbi na mfumo wa namba za biti ana zana zote za kuanzia. Walimu wa hisabati na wa fizikia wanaweza kulitumia somo hili kwa pamoja, na kikundi cha muziki cha shule kikafaidika.

Maswali ya kujipima

1. Mikondo minne ina vilele vya desibeli -6 kila mmoja. Vilele vyote vikikutana, mkondo mkuu utazidi ukingo kwa desibeli ngapi? Kila mkondo upunguzwe kiasi gani ili ibaki akiba ya desibeli 6?

2. Maikrofoni ya juu iko mbali na snea kwa mita 1.7 zaidi ya maikrofoni ya karibu. Sauti itachelewa kwa muda gani? Mitetemo ya chini kabisa itakayopunguzana ni mingapi kwa sekunde?

3. Kwa nini mita ya mshale huonyesha kiasi kidogo kwa ngoma kuliko kwa filimbi yenye kilele kile kile?

Majibu: (1) Desibeli 6, kila mmoja upunguzwe desibeli 12. (2) Milisekunde 5, mitetemo 100. (3) Kilele cha ngoma hupita kabla mshale haujainuka, lakini sauti ya filimbi hudumu.